Sauti ya Bibi Kanga

Nianze na baridi, maana watu wanaohamia Sumbawanga huwa hawaambiwi ukweli. Baridi yetu ya mwezi wa sita huja na upepo, upepo huja na vumbi, na vyote huingilia dirisha la chumba cha watoto pale maktaba, dirisha ambalo halijafunga sawasawa tangu nilipohamia. Mimi ni mtu wa Rungwe. Nimezaliwa kwenye mvua na ukungu, baridi naijua. Lakini hii ya Ufipa ni kavu, inapasua midomo na kumpa mtu hasira za bure. Na ni mwezi huohuo shule zinapofungwa na sisi tunapofungua kipindi cha kusoma cha likizo. Watoto wanajaa na masweta yao na makamasi yao, na mimi Violeth, ninayekaa mezani pale mlangoni, sinywi tena chai ikiwa moto hadi shule zifunguliwe.

Nasema haya ili ieleweke kwamba nikimsifia Flavian, simsifii kwa sababu ya upole wangu. Sina huo upole.

Flavian ndiye mwenye chumba cha watoto. Kikazi anaitwa mhudumu, watoto wanamwita Mwalimu, na yeye mimi ananiita shemeji kwa sababu nitakayoieleza. Ni Mfipa wa kijiji cha Pito, mrefu, mwembamba, suruali zake zote zimemkimbia vifundoni. Wazazi wake ni wakulima wa mahindi na ulezi, Wakatoliki wa kupiga magoti hasa, na baba yake alitaka awe padri. Alipelekwa seminari ndogo, akakaa, akarudi. Ukimuuliza kwa nini alirudi anasema aliwakumbuka ng'ombe, na mpaka leo sijui kama ni utani. Alichorudi nacho ni sauti. Siku akisoma somo la kwanza kanisani kwao, hata wale bibi wanaosinzia wanafumbua macho. Maktaba aliitwa kuja kutengeneza rafu. Akawa anawasomea watoto wakati gundi inakauka, gundi ikakauka, na yeye hakuondoka.

Hilo la shemeji ni kwamba alioa kwetu. Mkewe, Ndimyake, Mnyakyusa mwenzangu, alikuwa muuguzi, alipangiwa kazi hapa, akawa anakuja kusoma magazeti siku zake za mapumziko. Baadaye akawa anakuja hata siku ambazo magazeti hayajafika. Wakafunga ndoa, wakapata mtoto mmoja wa kike, Sharon. Mtoto alipofika darasa la pili, Ndimyake aliomba uhamisho akarudi Tukuyu, kwetu kule Rungwe, na mtoto akaenda naye. Alisema baridi imemshinda. Tukuyu kwenyewe kuna baridi ya kutosha, kwa hiyo hilo hakuna aliyeliamini, ila hakuna aliyemuuliza zaidi. Hawakutupiana maneno mbele za watu, na mimi niliyekuwa nangoja kusikia nani mkosaji nikabaki bila wa kumlaumu. Nilipomkumbusha Flavian kwamba ushemeji wetu umekwisha, alinijibu, "Aliyeondoka ni mke, shemeji. Wewe bado uko mezani."

Walikubaliana kwamba Sharon atakuja kwa baba yake kila likizo ya mwezi wa sita. Analetwa na mjomba wake, Ipyana, mfanyabiashara anayepanda huku kununua maharage mavuno yakianza. Mwaka mzima wa Flavian ulikuwa unangoja mwezi huo. Wengine hapa mjini wanahesabu mwaka kwa Krismasi na Pasaka. Yeye alikuwa anauliza maharage yameshaiva wapi.

Likizo ya kwanza Sharon alikuwa amemsahau baba yake kidogo, au amemkasirikia, kwa umri ule ni vigumu kujua. Aliingia chumba cha watoto, akaenda moja kwa moja chini ya meza, akakataa kutoka. Wenzake wakawa wanainama kumchungulia kama paka aliyejifungua. Flavian hakumvuta. Alifungua kitabu, akaanza kugawa sauti.

Hapo lazima nieleze, maana sijaona mahali pengine wanafanya hivyo. Flavian ana kitabu kimoja kinene kisicho na jalada. Kilifika na mzigo wa vitabu vya msaada, kurasa za mwanzo zimenyofoka, jina lake hatulijui. Ni hadithi ya wanyama wa bonde moja, ndefu, ina sehemu nyingi, na kila likizo watoto wanasoma sehemu moja tu, kwa sauti, wamekaa duara. Kila mtoto anapewa mnyama wake. Mnyama akisema kitabuni, ni yule mtoto ndiye anayesema. Mwalimu anasoma yale mengine yote. Sauti ukishapewa ni yako likizo hii na ijayo na nyingine, mpaka umalize darasa la saba, au mpaka uitoe wewe mwenyewe. Sheria ya Flavian ni hiyo moja tu, nayo haina mjadala: sauti haichukuliwi, hutolewa na mwenyewe. Basil, aliyekuwa Fisi, familia yake ilipohamia Ilemba kule bondeni, alipanda na lori la mpunga akaja kusimama mbele ya duara na kumwambia mdogo wake Benjamini, "Fisi nimekupa." Akala uji wetu, akageuza na lori lilelile. Mimi niliona ni upuuzi. Watoto waliona ni jambo la kawaida kabisa.

Sasa siku ile sauti ziligawiwa zote, akabaki Bibi Kanga. Hakuna aliyemtaka. Bibi Kanga analalamika kuanzia ukurasa wa kwanza tulio nao: jua kali, mvua nyingi, majirani wachafu, vifaranga hawana adabu. Flavian akauliza, "Bibi Kanga nimpe nani?" Wakatazamana. Ndipo sauti ikatoka chini ya meza, imenuna, ina lafudhi yetu ya Rungwe ambayo mtoto ameiokota kwa mama yake: "Mimi ninayo ya kulalamika."

Watoto walicheka hadi wakakohoa. Akatoka, akakaa kando ya baba yake, akasoma. Jamani, alisoma! Alikuwa anaanza kila sentensi kwa kuvuta pumzi ya mtu aliyechoka na dunia, na maneno ya mwisho anayapandisha juu kama wanavyofanya mama zetu sokoni wakikataa bei. Watu wazima walikuwa wanaacha magazeti kuja kusimama mlangoni. Flavian alisoma sehemu yake bila kumtazama, kwa sababu akimtazama alikuwa anapoteza mstari. Hiyo niliiona mwenyewe.

Likizo zikaenda. Kila mwaka Sharon alirudi na Bibi Kanga wake, na kila mwaka alipoondoka Flavian alikuwa mtu wa kutembea polepole kwa muda. Mwaka jana sehemu tuliyosoma iliishia pabaya. Mayai ya Bibi Kanga yameibiwa, bonde zima linatuhumiwa, na kesho yake litakaa baraza. Flavian akafunga kitabu, akakifungia kabatini, akasema baraza ni likizo ijayo. Watoto walipiga kelele za kuvunja paa.

Mwaka jana huohuo niliona jambo ambalo Flavian hakuliona, au hakutaka. Sharon alikuwa darasa la sita, ameshakuwa mrefu. Alisoma vizuri, lakini zamu yake ikipita alikuwa anatazama dirishani. Siku moja alinijia mezani akaniuliza, "Shangazi Violeth, hivi huku wasichana wakubwa wanakwenda wapi likizo?" Nikamwambia wanakwenda kuvuna. Akacheka kwa adabu. Sikumwambia baba yake.

Basi mwaka huu. Flavian alianza maandalizi mahindi yakiwa bado mabichi. Alipaka rangi benchi. Alileta mkeka mpya. Alimwambia kila anayeingia, hata waliokuja kuuliza choo, kwamba Sharon anakuja, na kwamba hii ndiyo likizo yake ya mwisho kwenye duara kwa kuwa yuko darasa la saba, na kwenye baraza lote la wanyama msemaji mkuu ni Bibi Kanga. "Kama limeandikwa kwa ajili yake, shemeji," aliniambia. Nikamwambia aache kunisimulia mwisho, na mimi nataka kujua nani aliiba mayai.

Kipindi kikafunguliwa, Sharon hajafika. Flavian akasema Ipyana amechelewa, maharage ya Mbeya yamemshika. Akawachezesha watoto bao na drafti, akawachorisha. Akaanza kusoma kurasa za mwanzo za sehemu hiyo, ambamo Bibi Kanga yuko ndani kwake analia na hasemi kitu. Hizo zikaisha. Akazirudia. Watoto ni wapole siku mbili tatu za mwanzo, baada ya hapo wanakuwa watu.

Kuna binti mmoja anaitwa Getruda, wa kijiji cha Mollo, darasa la tano. Alichelewa kujiunga, akakuta sauti zimekwisha, akapewa Mto. Mto katika kitabu kile una maneno matatu tu, "Mimi napita tu," na Getruda alikuwa anayasema vizuri sana, ila huwezi kuita hiyo kazi. Anakuja kwenye baiskeli ya kaka yake anayeleta maziwa mjini, na makapi ya ulezi yamemganda kwenye sweta, kwa sababu kabla ya kuja anakuwa ameshasaidia nyumbani. Kwao siku hizo kila mkono unahitajika shambani. Mama yake alimruhusu kwa shida, akamwambia akishajua nani aliiba mayai arudi kupura ulezi.

Siku moja Flavian alifungua kitabu kwenye zilezile kurasa za mwanzo. Getruda akanyoosha mkono.

"Mwalimu, samahani. Bibi Kanga amekufa?"

"Hajafa. Kwa nini?"

"Kama amekufa tuambie tumzike, tuendelee."

Watoto wakacheka. Victor, ambaye ni Kobe, akaanza kuimba wimbo wa mazishi. Na Flavian, mtu ambaye sijawahi kumsikia akipandisha sauti nje ya kitabu, alisimama akapiga meza. "Hakuna wa kuzikwa hapa! Asiyetaka kungoja aende!"

Hata sisi wa chumba cha pili tukainua vichwa. Getruda hakulia. Alifunga kilemba chake, akatoka nje kungoja baiskeli ya kaka yake upeponi. Kesho yake hakuja. Keshokutwa yake hata watoto wa Pito hawakuja, wakabaki wale wa karibu ambao wazazi wao wanatutumia kama mahali pa kuwaegesha.

Nilimfuata Flavian ndani. Nilikuwa nimekasirika, na nikikasirika Kinyakyusa kinanitoka. Nilimwambia chumba ni cha watoto wote, si cha mtoto mmoja. Nilimwambia mtoto wa watu ametoka shambani na baridi hii, anataka kusoma, na yeye anamnyima kwa ajili ya kiti kitupu. Alinisikiliza huku anapanga vitabu ambavyo vilishapangwa. Kisha akasema, "Shemeji, akifika akute sauti yake imechukuliwa, atajua nilichoka kumngoja."

Nilikuwa na maneno mengine mengi. Nikarudi nayo mezani kwangu.

Ipyana alifika mchana mmoja, vumbi mpaka kwenye kope. Kwenye gari alikuwa na mkungu wa ndizi na gunia la maparachichi. Flavian alikuwa ameshatoka nje kabla gari halijazima, anatazama mlango wa upande wa pili, ule wa abiria. Haukufunguliwa.

"Shemeji, habari za siku nyingi," Ipyana alisema.

"Nzuri, shemeji. Karibu. Poleni na safari. Mmekuja wangapi?"

Ipyana alivua kofia. Ni mtu wa sokoni, hana aibu hata kidogo, lakini kofia aliivua. "Nimekuja peke yangu. Mtoto yuko kambi. Darasa la saba wote mwaka huu likizo hawana, wanalala shuleni, wanajiandaa na mtihani. Dada alitaka kukupigia, akasema utaumia, akaniachia mimi. Ndiyo huu mzigo wangu."

"Kambi mpaka lini?"

"Mpaka mtihani, mwezi wa tisa."

Flavian akatingisha kichwa kama mtu anayekubaliana na bei. "Ni vizuri," alisema. "Mtihani ni mtihani. Mimi mwenyewe ningemwambia akae." Akaupokea mkungu wa ndizi, akaubeba mpaka ndani, akauweka juu ya meza ya watoto, akabaki ameushika. Mimi nilikwenda kumchemshia Ipyana chai kwa sababu nilitaka kuwa mahali pengine. Mtu mzima akitamani kitu waziwazi namna ile, ukimtazama unaona kama umeingia chumbani kwake bila kubisha hodi.

Na kwa haki lazima niseme alichofanya baada ya hapo. Jumamosi alikwenda Mollo kwa miguu, akamkuta Getruda na mama yake wanapura ulezi, akamwomba mtoto msamaha mbele ya mama yake na majirani. Sikuwepo, kaka mtu ndiye aliyenisimulia. Alisema Mwalimu alipewa fimbo akapura nao mpaka jasho likamtoka, na alikuwa anapura vizuri kwa mtu wa ofisini. Mama Getruda akacheka, akasema mtoto atarudi Jumatatu.

Ila kabla hajaondoka, Getruda alimuuliza kama Sharon haji, sauti ya Bibi Kanga anapewa nani. Flavian akamjibu kwa sheria yake mwenyewe: haichukuliwi, hutolewa na mwenyewe.

"Basi muulize," Getruda alisema.

Jumapili ndiyo siku ya kutembelewa kule kambini, na Ndimyake alikuwa anakwenda. Flavian alitoka misa, mimi nimetoka ibada Moravian, akaja nyumbani kwangu akiwa na shati lake la kanisani. Alisema kwao Pito mtandao hausomi vizuri. Unasoma. Nilimwekea kiti barazani kwenye jua, nikamletea chai. Simu yake sikio limekufa, ukitaka kusikia lazima uweke spika, kwa hiyo nilisikia yote, na hata ningetaka kuondoka angenizuia kwa macho.

Ndimyake alimsalimu kwa upole, akampa mtoto simu.

"Baba, shikamoo!"

"Marahaba, mama. Hujambo? Mnakula?"

"Tunakula. Wali Jumapili. Baba, nimekuwa wa tatu kwenye hesabu! Madamu amesema nikiendelea hivi napata shule nzuri. Na mimi ndiye mshambuliaji wa netiboli."

"Aisee! Wewe?"

"Mimi! Nimerefuka, baba, hutanijua."

"Nitakujua," Flavian alisema.

Wakaongea habari za baridi, za bibi yake wa Pito, za ng'ombe aliyezaa. Nyuma yake kulikuwa na kelele za wazazi na watoto, mtu anaita mtu. Flavian alishika kikombe akakirudisha bila kunywa.

"Sharon, kuna jambo nataka kukuomba. Ukikataa sikulaumu. Ni habari ya Bibi Kanga."

"Bibi nani?"

"Bibi Kanga."

"Simkumbuki, baba. Ni yule jirani wa pale Pito mwenye kuku?"

Niliinamisha kichwa nikatazama viatu vyangu. Flavian aliisogeza simu karibu na mdomo. Aliposema tena, ilikuwa sauti ileile ya somo la kwanza, imenyooka, haina mkunjo.

"Wa kwenye kitabu. Kule maktaba. Ulikuwa unamsoma."

"Aaa! Ile ya wanyama!" Alicheka, na sikusikia ubaya wowote katika kicheko kile, ni cha mtoto aliyekumbushwa gauni lake la zamani. "Bado mnaisoma ile? Mpe mtu yeyote tu, baba, haina shida. Baba, mahafali yetu utakuja? Mama amesema nikuulize mwenyewe. Njoo bwana. Uvae ile suti."

"Nitakuja, mama."

"Kweli?"

"Kweli. Soma sana."

Kengele ikalia kule kwao, simu ikakatika. Upepo ulikuwa unacheza na kanga zangu kwenye kamba. Flavian aliiweka simu juu ya goti, akaifuta kwa kidole gumba, akaifuta tena. "Anakua vizuri," alisema. "Wa tatu kwenye hesabu, umesikia?" Nikasema nimesikia. Nikamwambia mtoto anampenda, kamwita mahafali, baba wangapi wanaitwa kwa namna ile. Akasema ni kweli, na ilikuwa kweli, na haikusaidia chochote. Mimi nimeishi mbali na kwetu miaka mingi, najua kutamani kitu ambacho bado kipo. Nilimwambia anywe chai. Ilikuwa imepoa, akainywa.

Jumatatu chumba kilijaa. Habari zilikuwa zimetembea kutoka Mollo mpaka Pito kwamba Mwalimu anamuuliza Sharon, na walikuja hata waliokuwa wameacha. Getruda alikaa mahali pake, mahali pa Mto, na sweta yenye makapi. Niliiacha meza yangu. Kama kuna mtu alitaka gazeti asubuhi ile, alijihudumia.

Flavian alikaa, kitabu mapajani.

"Umempata?" Victor aliuliza.

"Nimempata. Yuko kambi, anawasalimu sana, mmoja mmoja kwa majina." Watoto wakajinyoosha. "Nikamwambia habari ya Bibi Kanga."

"Akasemaje?"

Flavian alitazama kitabu. "Alilia," alisema. "Alilia kidogo. Unajua anavyompenda. Akanyamaza, mpaka nikadhani simu imekatika. Halafu akasema, sauti nimeitoa mwenyewe, mpe Getruda."

Getruda alijifuta viganja kwenye sketi. Mlangoni pale nilijua nikivuta pumzi vibaya nitaharibu kila kitu, nikaizuia.

"Kweli alilia?" Getruda aliuliza.

"Kidogo tu."

Alimpa kitabu mikononi, jambo ambalo huwa hafanyi. Getruda akakifungua kwenye baraza, akapitisha macho, midomo inacheza. Kisha akainua uso.

"Mwalimu, nisome kama yeye, au nisome kama mimi?"

"Kama wewe. Sasa ni yako."

Akaweka kidole kwenye mstari. Alikuwa ameshafungua mdomo Flavian alipoinua mkono kumzuia.

"Getruda. Huu ukurasa mmoja. Huu mmoja tu, soma kama yeye."

Binti alimtazama. Akavuta ile pumzi ya mtu aliyechoka na dunia, akaanza, na maneno ya mwisho akayapandisha juu vilevile kama kwetu Rungwe, yeye mtoto wa Mollo ambaye hajawahi kufika huko. Hakukosea hata mahali pamoja. Watoto wakaanza kucheka kama walivyocheka miaka yote, na Flavian alikuwa amefumba macho. Ukurasa ulikuwa mfupi. Getruda alipofika chini kabisa alisimama, kidole kimeshika pembe ya karatasi, anamngoja.

Flavian hakufumbua macho mara moja.

"Haya," alisema. "Geuza, mwanangu."